Kusomea Ubingwa wa Magonjwa ya Kuambukiza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Madaktari vijana wanaofikiria ubingwa huu huja na maswali yanayofanana, na wengi huja wakiwa wameshaambiwa mambo yasiyo sahihi: kwamba ni ubingwa wa VVU na kifua kikuu tu, kwamba ni kazi ya kukaa maabara, au kwamba bingwa wake hukaa akingoja mlipuko. Majibu yafuatayo yanatoka kwa mtu anayefundisha kazi hii na kuipenda sana. Mengine ni marefu na mengine mafupi, kwa sababu maswali yenyewe hayana uzito sawa.

Kila daktari anatibu maambukizi. Bingwa wa nini tena?

Ni kweli. Nimonia ya kawaida, malaria isiyo kali, maambukizi ya njia ya mkojo, yote hayo hutibiwa vizuri na daktari yeyote aliyefundishwa vizuri. Bingwa huitwa mambo yanapogoma: homa imefika wiki ya tatu na chanzo hakijulikani, mgonjwa aliyepandikizwa figo ameanza kukohoa, mfupa unaotoa usaha miezi sita haujapona, au kimelea kilichooteshwa maabara kimeonekana sugu kwa karibu kila dawa iliyopo stoo.

Daktari wa moyo ana moyo wake na daktari wa figo ana figo zake. Huyu hana kiungo. Asubuhi moja anaweza kuanzia wodi ya wazazi, akapita upasuaji, akaenda kwa wagonjwa wa saratani na kumalizia kwa mahututi, na kote huko yeye ni mgeni anayeombwa ushauri. Kwa hiyo kinachofundishwa zaidi katika ubingwa huu ni uamuzi: mgonjwa huyu ana maambukizi kweli au hana, kimelea gani, dawa ipi, kwa siku ngapi, na lini dawa isitolewe kabisa. Majina ya vimelea utayasoma mwenyewe vitabuni. Uamuzi hufundishwa kando ya kitanda, tena polepole.

Njia ikoje, na inachukua miaka mingapi?

Nchi nyingi hupitia mlango mmoja: shahada ya udaktari, utarajali, ubingwa wa magonjwa ya ndani au wa watoto, halafu ubingwa bobezi wa magonjwa ya kuambukiza. Tofauti iko kwenye urefu wa kila hatua.

Marekani, baada ya chuo cha udaktari, mtu husoma magonjwa ya ndani miaka 3, kisha magonjwa ya kuambukiza kwa angalau miaka 2. Anayetokea upande wa watoto husoma miaka 3 ya watoto na 3 mingine ya ubobezi. Afrika Kusini, daktari aliyekwisha kuwa bingwa wa magonjwa ya ndani au watoto huongeza miaka 2 na kufanya mtihani wa cheti cha ubobezi. Uingereza wameunganisha kwa kiasi kikubwa mafunzo ya magonjwa ya kuambukiza na yale ya mikrobiolojia ya tiba, hivyo bingwa mmoja anaweza kuwa anaona wagonjwa wodini na pia kusimamia majibu ya maabara. Huko safari baada ya chuo ni ndefu zaidi, ila mtu hutoka akiwa na mikono miwili.

Mimi naupenda utaratibu huo wa kuunganisha. Daktari aliyekaa na sahani za kuoteshea vimelea kwa miezi kadhaa hasomi majibu ya maabara kama mtu aliyezoea kupokea karatasi tu.

Kwa nini nisianze moja kwa moja? Kwa nini nipitie magonjwa ya ndani kwanza?

Kwa sababu homa nyingi utakazoitiwa hazitokani na maambukizi. Saratani ya tezi za limfu huleta homa. Lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, huleta homa. Damu iliyoganda mguuni huleta homa, dawa nazo huleta homa, zikiwemo antibiotiki zenyewe. Anayejua vimelea peke yake ataona vimelea kila mahali. Anahitajika mtu anayeweza kusimama mbele ya timu nzima na kusema, "Huyu hana maambukizi, tafuteni kwingine," na awe na msingi wa kulisema hilo.

Siku ya mwanafunzi wa ubingwa huu ikoje?

Nichukue mfano mmoja, kwa kuwa unaonyesha karibu kazi yote.

Saa tatu asubuhi maabara inapiga simu: chupa mbili za damu ya mgonjwa wa wodi ya upasuaji zimeota, na chini ya hadubini wanaona bakteria wa mviringo, wa zambarau, walioshikamana kama kichala cha zabibu. Kabla jina kamili halijatoka, mwanafunzi anapaswa kujua kwamba huenda ni *Staphylococcus aureus*, na kwamba kimelea hicho kikionekana ndani ya damu hakipuuzwi hata kikiwa kwenye chupa moja tu. Jamaa zake wengine wa ngozini mara nyingi huwa ni uchafu ulioingia wakati wa kutoa damu. Huyu hapana.

Mwanafunzi hasubiri faili liletwe. Anakwenda kitandani. Anafunua plasta ya dripu na kubonyeza mshipa: je, ni mgumu, unauma, unatoa usaha? Anasikiliza moyo kwa makini, akitafuta mlio ambao jana haukuwepo. Anagonga uti wa mgongo pingili moja baada ya nyingine, kwa kuwa kimelea hiki hupenda kujificha kwenye mifupa ya mgongo, na mgonjwa anayelalamika "kiuno tu" anaweza kuwa na jipu linaloelekea kuminya neva. Anauliza kuhusu goti la bandia, vali ya bandia, kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo. Anatazama viganja na nyayo.

Kisha anaandika ushauri wake. Mrija wa mshipani utolewe leo. Damu ioteshwe tena, na irudiwe mpaka ionekane safi, kwa maana siku za tiba huhesabiwa kuanzia siku damu iliposafika. Kipimo cha moyo cha eko kifanyike. Ikiwa kimelea kinasikia dawa za jamii ya penisilini kama kloksasilini, au sefazolini, mgonjwa ahamishiwe huko na asibaki kwenye antibiotiki ya vankomaisini, kwa sababu vankomaisini huua kimelea hicho polepole zaidi. Tiba iwe ya mshipa kwa siku zisizopungua 14 kama hakuna tatizo jingine, na wiki 4 hadi 6 au zaidi kama moyo au mifupa imeguswa.

Hakuna hata kimoja katika hayo kinachohitaji mashine ya ajabu. Hata hivyo tafiti kutoka nchi mbalimbali zimeonyesha tena na tena kwamba wagonjwa wenye kimelea hiki kwenye damu hufa kwa uchache zaidi pale bingwa wa magonjwa ya kuambukiza anapowaona kitandani. Ukitaka kujua kwa nini tunawachosha wanafunzi kwa kutembea wodini badala ya kujibu kwa simu, sababu ni hiyo.

Mchana hufuata raundi na msimamizi, ambapo kila mgonjwa mpya huelezwa tangu mwanzo na kila wa zamani hukaguliwa dozi zake. Jioni ni kliniki au kusoma. Usiku simu iko karibu.

Kwa nini wasimamizi wanasumbua hivyo kuhusu maelezo ya mgonjwa?

Katika ubingwa huu maelezo ndiyo kipimo cha kwanza, na mara nyingi ndicho kinachotoa jibu. Mwanafunzi hufundishwa kuuliza maswali ambayo mahali pengine yangeonekana ya umbea: umekula nini kibichi, umelala wapi, unafuga nini, umeoga mto gani, umefanya mapenzi na nani, kazi yako unaifanyaje kwa mikono, nani nyumbani anakohoa, ulisafiri lini na ulirudi lini.

Tarehe za safari zina uzito wake. Ebola hujitokeza kati ya siku 2 na 21 tangu mtu aambukizwe. Aliyerudi siku 40 zilizopita na leo ndiyo kapata homa, hiyo haitafutwi kwake. Malaria ya *vivax* nayo inaweza kulala kwenye ini na kuamka miezi mingi baadaye, hivyo safari ya mwaka jana bado ni habari.

Kuna mfano ninaopenda kuwapa wanafunzi. Mnyoo uitwao *Strongyloides* huingia kupitia ngozi ya mguu uliokanyaga udongo wenye vimelea, halafu una uwezo wa kujizalisha upya ndani ya mwili kwa miongo mingi bila mtu kujua. Siku mtu huyo anapopewa dawa kali za steroidi kwa ajili ya pumu au kansa, mnyoo hufumuka mwili mzima, hubeba bakteria wa utumbo hadi kwenye damu, na mgonjwa anaweza kufa. Swali moja, "Ulikulia wapi, na mlikuwa mkitembea peku?", likiulizwa kabla ya steroidi, pamoja na dozi ya ivamektini, dawa ya minyoo, huokoa maisha. Hakuna kompyuta itakayolikumbusha swali hilo kama daktari hakulizoea.

Natakiwa kujua maabara kiasi gani?

Kiasi cha kuweza kugombana nayo kwa heshima na kuelewana.

Uanze na sampuli. Kwa mtu mzima kila chupa ya kuoteshea damu inahitaji mililita 8 hadi 10, na huchukuliwa seti mbili au tatu kutoka sehemu tofauti za mwili, kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki pale hali ya mgonjwa inaporuhusu. Mililita 3 zikimiminwa kwa haraka ndani ya chupa moja, jibu la "hakuna kilichoota" halina maana kubwa. Wanafunzi wengi hushangaa kugundua kwamba sehemu kubwa ya "homa zisizo na chanzo" huanzia kwenye sindano iliyotoa damu kidogo au iliyochelewa nusu siku.

Halafu ujifunze kutazama mwenyewe. Rangi aliyoibuni Hans Christian Gram mwaka 1884 bado inatumika kila siku, na mwanafunzi anatakiwa aweze kuipaka, kuisoma, na kusema inamwambia nini kuhusu dawa ya kuanza nayo. Vivyo hivyo tone la damu la malaria. Vipimo vya vinasaba vimetusogeza mbali. Kipimo cha Xpert, ambacho Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mwaka 2010, hutoa jibu la kifua kikuu na la usugu dhidi ya rifampisini, dawa kuu ya ugonjwa huo, ndani ya saa 2 hivi. Lakini kipimo cha vinasaba hujibu kile tu ulichokiuliza. Kinaweza pia kuokota mabaki ya vimelea vilivyokwisha kufa kwa mgonjwa aliyemaliza tiba. Anayekisoma lazima ajue hayo.

Usimamizi wa matumizi ya antibiotiki ni sehemu ya mafunzo?

Ni sehemu, na kwangu ni sehemu ngumu kuliko zote kwa sababu inahusu watu zaidi ya vimelea.

Alexander Fleming alionya kuhusu usugu kwenye hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1945, wakati penisilini ingali mpya: dozi ndogo zisizoua huwafundisha vimelea kuvumilia. Mwaka 2019, kwa makadirio yaliyochapishwa kwenye jarida la The Lancet, watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu. Shirika la Afya Duniani limegawa antibiotiki katika makundi matatu: zinazotumika kwanza, za kuangaliwa kwa tahadhari, na za akiba. Mwanafunzi anapaswa kuyajua makundi hayo na, zaidi ya hapo, aweze kumshawishi mwenzake aliye na haraka.

Mazungumzo yenyewe huwa hivi. Mwanafunzi anampigia daktari wa upasuaji:

"Daktari, samahani kwa usumbufu. Nimepitia majibu ya mgonjwa wako wa kitanda cha sita. Mkojo umeota bakteria, lakini hana homa, hasikii maumivu, na haja ndogo anapata kama kawaida. Naomba tuisitishe ile antibiotiki ya meropenemu."

"Na akichemka usiku?"

"Nipigie, hata saa nane. Tutaotesha damu na mkojo upya kabla ya dozi yoyote, na nitakuja kumwona mwenyewe."

Angalia kilichofanyika. Hakumwambia mwenzake kwamba amekosea. Alileta alichokiona kwa mgonjwa, akatoa ombi moja linaloeleweka, akabeba sehemu ya hofu ya yule mwingine. Bakteria kwenye mkojo bila dalili hawatibiwi kwa watu wengi. Wajawazito, na wale wanaokwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo unaojeruhi utando, ndio hutibiwa. Jambo hilo liko kwenye kila kitabu. Kulisema saa moja usiku kwa mtu anayeogopa kumpoteza mgonjwa wake ni ujuzi unaohitaji mazoezi, na mafunzo mazuri humpa mwanafunzi nafasi ya kuyafanya akiwa na msimamizi pembeni.

Katika somo hilohilo mwanafunzi hujifunza kufupisha tiba. Nimonia nyingi zinatosha siku 5 mgonjwa akiwa amepata nafuu. Bakteria wengi wa utumbo wakiingia kwenye damu bila matatizo mengine, siku 7 zinafanya kazi sawa na 14. Na hujifunza kuondoa lebo za mzio: wengi wanaosema penisilini inawadhuru, zaidi ya 9 kati ya 10, hawana mzio wowote wakipimwa ipasavyo. Wengi wao walipata upele wa virusi utotoni, dawa ikasingiziwa, na tangu hapo wanapewa dawa dhaifu au ghali zaidi bila sababu.

VVU na kifua kikuu vinachukua muda gani wa mafunzo?

Mwingi, na uchukue kwa shukrani, kwa sababu hakuna shule bora ya tiba ya muda mrefu kuliko kliniki ya VVU. Mwanafunzi humwona mgonjwa yuleyule miezi na miezi, anajifunza kuuliza kuhusu dozi zilizorukwa bila kumtia mtu aibu, na anaanza kuziogopa dawa zinazogombana. Rifampisini ni mfano: hupunguza dolutegraviri, dawa ya VVU, mwilini kiasi kwamba mgonjwa anayetumia zote mbili hupewa dolutegraviri miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja.

Kisha kuna homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu aitwaye *Cryptococcus*. Hapa mwanafunzi hujifunza jambo ambalo halimo kwenye orodha ya dawa. Presha ndani ya fuvu hupanda, na mgonjwa mwenye maumivu ya kichwa yasiyovumilika anahitaji kutolewa maji ya uti wa mgongo tena, hata kila siku, mpaka presha ishuke. Anayetegemea dawa peke yake atampoteza. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa za kuvu: dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14, na dawa za kufubaza VVU hucheleweshwa kwa wiki 4 hadi 6. Mwanafunzi aliyewahi kumwona mgonjwa anafumbua macho na kuuliza yuko wapi, dakika chache baada ya maji kutolewa, hana haja ya kukumbushwa kupima presha.

Je, ni kazi ya hatari?

Ina hatari, na si haki kumficha mtu. Dkt. Matthew Lukwiya aliongoza hospitali ya Lacor mjini Gulu, Uganda, wakati wa Ebola ya mwaka 2000, na alikufa kwa ugonjwa huohuo Desemba 5 mwaka huo. Dkt. Carlo Urbani aliitambua SARS kama ugonjwa mpya akiwa Hanoi, akaitaarifu dunia mapema, na akafa Machi 29, 2003. Tunawataja darasani kwa sababu kazi yao iliokoa watu wengi sana.

Lakini hatari ya kila siku haina jina kubwa. Ni sindano iliyomchoma mtu kidole, ni kifua kikuu katika chumba kisicho na hewa. Kabla ya kuanza, hakikisha umechanjwa homa ya ini ya B na umepimwa kama kinga imejengeka. Ukichomwa sindano, dawa za kuzuia VVU zianze haraka iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na ziendelee siku 28. Mafunzo ya mavazi ya kinga yafanyike kwa vitendo, tena mkazo uwe kwenye kuyavua, kwa kuwa hapo ndipo wengi hujichafua: umechoka, una jasho, unataka kutoka. Anayevua asiwe peke yake. Awepo mwenzake anayesoma hatua moja moja kwa sauti.

Milipuko inafundishwaje kama haitokei kila siku?

Kwa kujenga tabia ya kutilia shaka kitu kidogo. Juni 5, 1981, ripoti fupi nchini Marekani ilieleza vijana watano wa Los Angeles waliopata nimonia ambayo watu wenye kinga ya kawaida hawaipati. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa kuijua Ukimwi. Aliyesaidia kuona kwamba kuna jambo alikuwa pia mtumishi wa ofisi iliyogawa pentamidini, dawa adimu ya kutibu nimonia hiyo, aliyeshangaa kwa nini maombi yanaongezeka. Mwanafunzi anapaswa kukaa na kitengo cha kudhibiti maambukizi hospitalini, ajifunze kuchora mstari wa nani aliugua lini na alilala kitanda gani, na azoee kupiga simu kwa mamlaka za afya kabla ya kuwa na uhakika kamili.

Nina diploma ya tiba ya magonjwa ya tropiki. Inatosha?

Ni mwanzo mzuri. Kozi hizo, za miezi michache, zina historia ndefu. Shule ya Liverpool ilianzishwa 1898 na ile ya London 1899. Zitakupa vimelea, wadudu wanaovieneza na mtazamo wa afya ya jamii. Hazitakupa miaka ya wagonjwa waliopandikizwa viungo, mahututi, na viungo vya bandia vilivyoingiwa na usaha. Usijiite bingwa kwa diploma hiyo pekee.

Lazima nifanye utafiti?

Programu nyingi zinadai tasnifu au mradi. Chagua swali linalotokana na wodi yako: ni wagonjwa wangapi hutolewa damu ya kuotesha kabla ya dozi ya kwanza, na nini kinazuia? Swali kama hilo humalizika, na jibu lake hubadilisha kitu hapohapo.

Kipato kikoje?

Mara nyingi chini kuliko cha mabingwa wanaofanya upasuaji au vipimo vya kuingiza mirija, kwa sababu mifumo mingi ya malipo hulipa kitendo vizuri kuliko fikra. Marekani nafasi nyingi za mafunzo haya zimekuwa zikibaki wazi katika miaka ya karibuni, na malipo ni sababu mojawapo inayotajwa. Naona ni kosa kubwa la mifumo hiyo: mgonjwa aliyeepushwa dawa asiyoihitaji, au kiungo cha bandia kilichookolewa, hakionekani kwenye hesabu ya mtu yeyote. Nafasi za kazi zenyewe zipo, hospitalini, kwenye utafiti, afya ya umma na mashirika ya kimataifa.

Nichaguaje programu nzuri?

Usianze na jina la chuo. Uliza mambo yanayogusa siku yako ya kila siku. Msimamizi huenda kitandani pamoja na mwanafunzi, au husaini faili ofisini? Maabara inaotesha damu saa zote, na mwanafunzi anaruhusiwa kuingia kila asubuhi? Miezi mingapi iko kwenye mikrobiolojia, na mingapi kwa wagonjwa mahututi na waliopandikizwa viungo? Kuna mfamasia kwenye timu ya antibiotiki? Mfamasia mzuri atakufundisha dozi za wagonjwa wa figo kuliko kitabu chochote. Wangapi waliohitimu miaka mitano iliyopita wanafanya kazi hii leo?

Maswali hayo mpelekee mwanafunzi wa mwaka wa mwisho mkiwa wawili tu, na ukiweza, omba kufuata raundi yake siku moja. Tazama anachofanya akikuta kitanda ambacho antibiotiki imeendelea siku 10 bila mtu kuandika sababu. Akisimama na kuuliza, na msimamizi wake akamsikiliza, omba nafasi hapo.